Nani Kaitika Hodi ya Itope

Kuchagua kikamilishi si kazi ya mtu mwenye mikono isiyotulia, na mikono ya Tusekile haijapata kutulia tangu azaliwe. Asubuhi ile alikuwa amefungua droo ya meza yake na kuifunga mpaka reli zake zikaanza kulalamika. Alimimina chai, akaiacha ikapoa, akaimwaga dirishani, akamimina nyingine, nayo ikapoa. Mvua ilikuwa inapiga bati la Kituo tangu alfajiri. Bi Lugano, mkuu wa Kituo, alipita nyuma yake mara moja tu, akasema, "Leo, mwanangu. Si kesho," akaingia ofisini kwake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Msimu uliopita Ukuta wa Lufita, ukuta wa bwawa linalosimamiwa na Kituo, ulipata ufa. Maji yalipanda upesi kuliko vidole vya watu, na aliyekuwa zamu alikuwa bado anaandika amri ndefu ya kufungua lango, anakosea, anafuta, anaanza upya, wakati zege lilipoanza kulia. Ufa uliishia hapo, kwa rehema ya Mungu. Lakini chini ya ukuta ule kuna Mji Mpya, na Mji Mpya umejaa watu kama siafu. Wakubwa wakakaa, wakaamua: mtu asiandike tena amri nzima. Aandike mwanzo, chombo kiitwacho kikamilishi kimmalizie. Vyombo vikaletwa vitatu, na wa kuchagua akawa Tusekile, kwa sababu hakuna aliyekikalia kile kiti cha zamu kumzidi yeye.

Utauliza kwa nini watu waliokwisha kutandaza vioo vya jua mpaka mwezini bado wanaandika amri kwa vidole. Sauti walishaijaribu. Mwanzoni milango ilitii sauti, tena ilitii vizuri sana, mpaka jioni moja mlinzi akafungulia redio, mtangazaji wa mpira akapaza, "Anaachia mkwaju," na lango la Ndembo nalo likaachia. Bustani za watu zikaenda na maji. Tangu siku hiyo ni kuandika, kwenye kihariri cha maandishi, cheusi kisicho na mapambo, chini kabisa ya ukurasa, pale penye mstari wa amri.

"Dada Tuse, unavitazama kama wakwe zako," alisema Ambakisye. "Viguse. Haviumi."

Ambakisye alikuwa fundi wa programu wa Kituo, mtu wa makamo, mpole, mwenye kicheko cha haraka. Kikamilishi cha tatu alikiunda yeye. Na kila mtu Kituoni alijua kwa nini: siku ya ufa, yule aliyekuwa akikosea na kufuta alikuwa yeye.

Tusekile akavigusa. Cha kwanza kiliitwa Safu. Unaandika herufi chache, nacho kinakupangia chini yake kila amri inayoanza hivyo, kuanzia A mpaka mwisho, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa tangu ukuta ujengwe. Unashuka nayo kwa mshale kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani. Kinachosha.

Cha pili kiliitwa Dokoa. Chenyewe hakijali mwanzo wala mwisho. Unadokoa herufi popote ndani ya amri, "ch to," nacho kinaelewa kwamba ulitaka kuachia lango la Itope. Kilikuwa chepesi, ila kilimfanya Tusekile ajione anaandika kama mlevi.

Cha tatu kilikuwa Mwenza.

"Andika herufi moja," alisema Ambakisye. "Moja tu, dada."

Akaandika A. Mbele ya ile A yakajitokeza maneno ya kijivu, hafifu kama mvuke kwenye kioo: *achia lango la Itope robo*. Akabonyeza kitufe cha kukubali. Ya kijivu yakawa meupe. Ndiyo hasa amri aliyokuwa nayo kichwani, mpaka ile robo.

"Kimejuaje?"

"Kimesoma kurasa zote za misimu yote. Kinajua mvua ikiwa hivi, maji yakifika hapa, wewe hufanya nini. Hakikisii ovyo. Kinakukumbuka."

Tusekile alicheka. Alifurahi, tusimfichie. Kuna raha ya kumaliziwa maneno na mtu anayekujua, na yeye nyumbani kwake mume alikuwa mtu wa safari, hakuna wa kumalizia maneno. Akajaribu tena, na tena. Kila mara kijivu kilitokea kabla hajamaliza kufikiri. Safu na Dokoa akavisahau hapohapo.

Mlango wa ofisi ukafunguka.

"Maji yamegusa mstari wa njano," alisema Bi Lugano. "Malango ya Ikama na Ndembo yako wazi tangu asubuhi, na hayatoshi. Mmeshapata chombo?"

"Tumepata, mama," Ambakisye aliwahi kujibu.

"Basi kijaribuni kwa kazi ya kweli. Itope, robo."

Hapa pana desturi ambayo wageni huicheka mpaka waielezwe. Mabonde yanayopokea maji ya ukuta yalikuwa ya watu kabla ya kuwa mifereji. Siku wazee wa mabonde walipotia saini, walitoa sharti moja: mtatupitishia maji, sawa, lakini mtabisha hodi. Basi mfungua lango huandika hodi kwenye ukurasa. Kule bondeni honi hulia. Mwitikiaji wa bonde hutoka, huzunguka mfereji, hutoa watu na ng'ombe, na akiridhika huandika karibu chini ya ile hodi, kwenye ukurasa uleule. Ndipo lango hutii. Hodi tatu zikikosa jibu, unarudi zako kama mgeni mwenye adabu.

Itope ilikuwa imekaribisha kila msimu. Udongo wa mfereji wake ni mweusi na una mbolea, na maji yakikauka akina mama hushuka humo na kupanda magimbi. Mwitikiaji wao alikuwa Subilaga, mke wa kaka yake Tusekile, mwanamke wa maneno mengi ambaye kila akiandika karibu hupiga na simu juu yake: "Wifi, maji yenu machafu kama mahari mliyotuletea."

Tusekile akaandika H. Kijivu kikasema *hodi Itope*. Akakubali. Kijivu kingine kikaja, akakubali. Kingine tena, akakubali. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mwendo, na mikono isiyotulia ikipata mwendo haina breki. Mbali, chini ya sakafu, lango lilinguruma na maji yakaanza kutoka.

"Umeona?" Ambakisye alisema polepole, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kingekuwepo wakati ule, mimi nisingeota usiku."

Simu ya Tusekile ikaita. Alikuwa Subilaga, naye akajiandaa kutaniwa.

"Wifi," ilisema sauti, na haikuwa na utani. "Nani kakukaribisha?"

"Si wewe, umeandika sasa hivi."

"Mimi nimeandika na nini? Niko kwenye tope mpaka magotini, natoa wamama kwenye magimbi. Mashine ya ukurasa iko kibandani kule juu. Honi imelia, hata nusu ya mfereji sijamaliza, naona maji yanakuja. Nani kaitika?"

Tusekile alitazama skrini. Mistari ilikuwa mitatu: *hodi Itope*, chini yake *karibu*, chini yake *achia lango la Itope robo*. Yote meupe, yote ya umbo moja. Ukiitazama ile karibu usingejua imetoka kwa mkono wa nani.

Akaandika *ziba lango la Itope*, herufi zote, bila kukubali kijivu chochote. Lango likaanza kurudi, na lango la chuma zito hurudi kwa mwendo wake lenyewe. Maji yaliyokwisha kutoka yalikuwa yameshatoka. Simuni alimsikia Subilaga akiita watu kwa majina, "Panda juu, Mama Sekela, acha hilo gimbi, panda," kisha mngurumo, kisha laini ikakatika.

Akapiga tena, haikuita.

Bi Lugano alikuwa ameegemea meza. "Nielezeni."

Ambakisye alieleza huku rangi imemtoka usoni. Ukurasa ni mmoja na wanaouandikia ni wawili, mmoja juu ukutani, mmoja chini bondeni. Mwenza kimesoma kurasa za misimu yote, na katika kurasa hizo chini ya hodi huja karibu, haijatokea vinginevyo. Basi hodi ilipoandikwa, kikapendekeza kinachofuata. Hakijui zamu ni ya nani. Na lango lenyewe hutazama ukurasa tu: karibu ikiwepo, linatii. Waliounda mtambo hawakuweka kinga, kwa sababu ni nani mwenye akili zake angebisha hodi kisha ajiitikie mwenyewe?

"Nipe nusu saa nikikataze," alisema. "Kisiguse kabisa neno la mwitikiaji. Ni mistari michache tu, mama. Kosa ni langu."

"Chombo utakikataza," alisema Tusekile. "Na mkono wangu nani ataukataza? Ile karibu ilinitokea ya kijivu, Ambakisye. Nimeipitisha mimi. Sikuisoma hata kidogo. Nimeiona miaka mingi mpaka nimeacha kuiona."

"Mazoea yana taabu," alisema Bi Lugano, na hakuwa anamlaumu. Alikuwa anatazama kipimo ukutani. Maji yalikuwa yameuacha mstari wa njano na kuupandia wa chungwa. "Lakini nisikilize. Wasomaji wa vipimo wanasema juu kule milimani ndiyo kwanza mvua inaanza. Ukuta huu una kovu. Ukurasa una karibu, na maji Itope yameshafika. Lililobaki ni kuliachia lango tena, tusiue mji kwa ajili ya utaratibu."

Si mtu mbaya, Bi Lugano. Kule Mji Mpya ana binti na wajukuu, na siku ya ufa alisimama juu ya ukuta na mwavuli mpaka mwisho, akisema kama utaanguka, uanguke naye. Tusekile alimheshimu kama mama yake mzazi. Hata hivyo alimkatalia.

"Karibu ile ni yangu mimi, mama. Nimejikaribisha mwenyewe kwenye nyumba ya watu, na watu wamo ndani. Siwezi kuitumia mara ya pili."

"Na wakifa watu wa mjini?"

"Sijui. Nipe nafasi niulize kwanza."

Akakizima Mwenza. Mstari wa amri ukabaki mtupu, na utupu ule ulimtisha kuliko alivyotarajia. Akaandika *hodi Itope*, akitazama kila herufi. Wakasubiri. Tusekile aliinuka, akaketi, akachukua kikombe kisicho na kitu akakinywa. Akaandika hodi ya pili. Ambakisye alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, anasali au anahesabu pumzi zake.

Chini ya hodi ya pili neno likaja, herufi mojamoja, la mtu mwenye vidole vya matope:

*bado*

Machozi yalimtoka Tusekile kabla hajajua kama analia. Neno lile lilikuwemo kwenye kanuni tangu mwanzo, na miaka yote hakuwahi kuliona kwenye ukurasa, kwa kuwa watu wa Itope hunyamaza tu mpaka wawe tayari. Lakini neno lilikuwa na maana moja iliyomtosha: Subilaga yuko hai, amepanda mpaka kibandani. Kisha mstari mwingine ukafuata: *bado. mama sekela hatujamwona.*

"Mwenza kisingeliandika hilo," alisema Ambakisye chinichini. "Hata ningekipa miaka mia."

Kipimo kilikuwa kinapanda.

"Tusekile," alisema Bi Lugano, "mtu mmoja na mji mzima. Usinilazimishe kuiandika amri mwenyewe."

Ni hapo Tusekile alipokiwasha Safu, kile kinachochosha. Hakukiwasha kwa hekima yoyote. Mikono yake ilitaka kitu cha kufanya, basi. Akaandika *achia lango la*, na kikamilishi kikammwagia milango yote ya ukuta, mmoja chini ya mwingine, kwa mpangilio wa herufi, bila upendeleo. Ikama, wazi. Itope. Akashuka kwa mshale. Kasyeto.

Mshale ukasimama hapo.

Kasyeto lilikuwa lango kubwa kuliko Itope. Lilijengwa pamoja na mengine, likapakwa grisi kila mwaka, na halikuwahi kuachia hata tone. Kwa nini liachie, na Itope hukaribisha? Mwenza hakikulijua, kwa sababu hakuna ukurasa uliowahi kulitaja. Hata Tusekile mwenyewe alikuwa amelisahau, yeye anayelala kwenye njia yake kila usiku. Maana mfereji wa Kasyeto ulikuwa tambarare nzuri, karibu na kazi, na mvua baada ya mvua ilipita ukiwa mkavu, mpaka wafanyakazi wa Kituo wakajenga humo. Nyumba ya Ambakisye ilikuwa pale. Ya Tusekile ilikuwa pale, na kitanda kipya ndani yake ambacho hata nailoni hajakitoa. Nyumba ya kustaafia ya Bi Lugano, yenye baraza la vigae vyekundu na miparachichi aliyoipandikiza kwa mkono wake, ilikuwa pale mbele kabisa.

Bi Lugano alikuwa ameiona skrini.

"Watoto wako shule, kilimani," alisema Tusekile. "Wakubwa tuko kazini. Wachache waliobaki wanatoka kwa dakika chache. Itope wana mtu kwenye maji, mama. Sisi tuna vitanda."

"Sheria inasema hodi," alisema Bi Lugano. "Mwitikiaji wa Kasyeto ni nani?"

"Mkuu wa Kituo," alijibu Tusekile.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Ambakisye, akavaa koti la mvua na kutoka mbio, bila kungoja kutumwa. Tusekile akaandika *hodi Kasyeto*, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta usimame, honi ya Kasyeto ililia, karibu sana, nje ya dirisha lao.

Neno lilitokea kwenye skrini ya Bi Lugano, ndani ya ofisi, na mlango ulikuwa wazi. Aliingia, akasimama mbele yake, hakuketi. Walimwona Ambakisye kwa dirisha akigonga mlango huu na kukimbilia ule, akimshika mkono mzee wa watu, akirudi kubeba mtoto mchanga wa jirani na yaya wake nyuma. Kipimo kilifika ukingoni mwa chungwa. Ukuta ulitoa mlio mfupi, na wote wawili waliobaki mle ndani waliutambua.

Simu ikaita. "Watu wote wako juu," alisema Ambakisye, anahema. "Wamebaki kuku. Dada, nimekufungia madirisha, sijui hata kwa nini."

Tusekile akaandika hodi ya pili. "Mama," alisema, "wametoka wote."

Bi Lugano akaketi. Alitazama nje, kwenye vigae vyake vyekundu, kama anayeaga mtu stendi. Kisha akaweka kidole kimoja kwenye kibodi.

Kwenye ukurasa ikatokea K. Baadaye A. Halafu hakuna kitu.

Tusekile aliijua herufi ya tatu. Aliijua na ya nne, aliijua na ya mwisho, mtoto wa chekechea angeijua. Vidole vyake viliinuka vyenyewe juu ya kibodi, kwa kuwa kuimalizia ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua na ukuta ulikuwa unalia tena. Akaishusha mikono yake yote miwili, akaikalia, akaisikia ikihangaika chini ya mapaja yake, akamsubiri mwenye nyumba amalize mwenyewe.

Akamaliza.

Lango la Kasyeto halikunguruma kama la Itope. Lilipiga kelele, kutu za miaka zikapasuka, kisha maji meusi yakapita mbele ya dirisha lao yakiwa na haraka. Miparachichi ilikwenda kwanza. Bi Lugano alitazama mpaka vigae vya mwisho, hakuuziba uso. Kipimo kilisita, kikasita tena, kikaanza kurudi nyuma. Kitanda kilielea kutoka kwenye nyumba ya tatu, nailoni yake iking'aa, na Tusekile akagundua anacheka na kulia kwa pamoja.

Mchana ulikuwa umekwisha kuinama wakati ukurasa wa Itope ulipoandikwa tena.

*mama sekela tumempata. alishika mzizi. mguu umevunjika, yu hai.* Kisha, baada ya kimya kirefu kidogo, chini yake, kwa herufi zilizokuja mojamoja: *karibu*

Tusekile aliitoa tena mikono yake chini ya mapaja. Hakukiwasha kikamilishi chochote. Aliandika polepole, na alipomaliza aliisoma yote tangu mwanzo kabla ya kuituma.

*Asante, wifi. Leo hatuji.*